Daftari Lisilokosa Jina

Karani ajitapaye kwamba daftari lake halikosi jina la mtu na ashukuru kuwa hakupata kukaguliwa na Georg Cantor, mwanahesabu wa Halle, Ujerumani, aliyedhihirisha mwaka 1891 kwamba mtu akidai ameiorodhesha mifuatano yote isiyo na ukomo ya herufi m na w, hata kama orodha yenyewe haina ukomo, yatosha kutwaa herufi ya kwanza ya mfuatano wa kwanza, ya pili ya mfuatano wa pili, na kadhalika, kisha kuzigeuza zote, m ikawa w na w ikawa m, ukazaliwa mfuatano unaohitilafiana na kila ulioandikwa. Ukiuongeza, utazuliwa mwingine. Leopold Kronecker, mwanahesabu mkubwa wa Berlin, alizichukia mno fikra za namna hii. Burhani ya kuzibatilisha, kama ilivyo ada ya wakubwa, hakuitoa.