Kahawa Baridi ya Mwalimu

Lenzi ikikaa Tanga au Zanzibar miaka michache bila kutumika, huota kuvu. Nyuzi nyembamba hutambaa ndani ya kioo, na picha zake hutoka kana kwamba mpigaji alikuwa amevaa chandarua. Dodoma haina shida hiyo. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua huingia Desemba na kuaga Aprili, na miezi inayobaki hewa ni kavu ya kupasua midomo. Kuvu aje kutafuta nini?

Hiyo ndiyo hesabu aliyopiga mwalimu mmoja mstaafu wa fizikia, mkazi wa Area C, alipoanza kukusanya kamera za zamani za filamu pana. Anayo Yashica-Mat 124G, aina iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1970. Anayo Seagull ya Shanghai, ya macho mawili, yenye mlio wa kitasa kibovu. Na anayo moja kubwa ya mbao yenye mvukuto, inayokula filamu ya vipande, kila kipande inchi nne kwa tano, kila kipande picha moja. Mkewe huziita wake wenza, na hatanii sana.

Kilichosahaulika kwenye hesabu ni vumbi. Punje ikitua juu ya filamu kabla ya picha kupigwa, huzuia mwanga, na picha ikishachapwa linabaki doa jeusi. Mwalimu alikwenda njia ya Kongwa na ile kamera ya mbao kupiga mbuyu, upepo wa Agosti ukamsindikiza. Jirani alipoiona picha alishangaa: "Shikamoo Mwalimu! Hao kweleakwelea wote uliwavizia vipi?" Mwalimu akaitikia marahaba, akashukuru kwa pongezi.

Kamera hiyo ya mbao ina vituko vyake. Mpigaji hujifunika shuka jeusi kichwani, na kwenye kioo cha nyuma dunia nzima imepinduka, juu chini. Siku moja alimruhusu mtoto wa jirani achungulie. Mtoto alitoka chini ya shuka mbio, akipiga kelele kwamba bibi yake ananing'inia kama popo. Bibi mwenyewe alikuwa kwenye kigoda, anapeta uwele. Tangu siku hiyo, Mwalimu akitoa ile stendi ya miguu mitatu, mtaa hupungua watu.

Lakini Yashica ndiyo iliyomletea aibu. Hiyo hutumia mkanda wa 120, ambao Kodak iliutoa mwaka 1901 na viwanda vya Uingereza na Marekani vinautengeneza hadi leo. Picha za mraba kumi na mbili, basi. Mpigaji huinamia kioo cha juu, na kioo hicho hugeuza kulia kuwa kushoto. Kwenye harusi moja ya Chamwino, Mwalimu aliwasogeza ndugu wa bwana harusi huku na huko mpaka wakakaribia kuingia kwenye sufuria za pilau. Vijana wa simu walishapiga mamia, wakarusha kwenye kundi la WhatsApp, wakaenda kula.

Kisha mkanda husafishwa, na dawa za dukani hazipatikani kirahisi siku hizi. Mwalimu hakutetereka. Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake, kwenye chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga yenye soda ya kufulia husafisha filamu. Baadaye watu wakaongeza vitamini C. Africafe ipo dukani. Magadi yapo sokoni Majengo. Awali alijaribu mvinyo mwekundu wa Dodoma, maana nao una kemikali za jamii hiyo, lakini alipotia magadi mvinyo ukageuka kijani cha matope, ukatoa povu, ukamaliza kitambaa cha meza. Akarudi kwenye kahawa.

Mchanganyiko unatakiwa ukae kwenye nyuzi 20, na usiku wa Julai Dodoma ni baridi. Akauhifadhi kwenye chupa ya chai. Shemeji yake aliyefika kutoka Mpwapwa akaikuta mezani, akajimiminia kikombe, akanywa nusu, akakunja uso.

"Dada, kahawa yenu imepoa, halafu ina chumvi. Maji ya Dodoma haya!"

Hakuna aliyemsahihisha, maji ya visima ya mji huo yana sifa zake. Mwalimu akamimina iliyobaki, haikufika juu ya mkanda uliosimama wima ndani ya tangi, na ukingo mmoja ukabaki haujasafishwa. Picha zilipochapwa, shangazi wa bwana harusi, aliyesimama pembeni upande uleule tangu kanisani hadi ukumbini, hakuwemo hata moja. Mahali pake pana utepe mweusi. Mwalimu amemweleza habari za tangi, magadi na nyuzi 20 kwa mchoro kabisa. Shangazi anashikilia kwamba upande wa bibi harusi ulimlipa.