Mhadhara wa Bingwa wa Kuku Ukingoni mwa Mto Tana

Assalaamu alaykum. Sikusikia. Assalaamu alaykum! Haya, hapo mmeitikia kama watu waliotembelewa na mtaalamu.

Akina mama wa shamba la pamoja, wazee mliojikalia chini ya mwembe, nawe kijana mwenye jerikeni: mbele yenu amesimama Mshauri Mkuu wa Kuku, Ndege na Mambo Yote ya Manyoya, Kaskazini Mashariki nzima. Cheo hiki nimejipa mwenyewe, baada ya kutafuta Garissa, Wajir na Mandera nikakosa mwingine anayenifikia.

Najua leo ni siku ya chanjo ya ugonjwa wa Newcastle. Mama Mwenyekiti ameshaninong'oneza mara mbili kwamba dawa imechanganywa, kwamba ikikaa kwenye joto hili itaharibika, na kwamba kuku wamefungiwa bandani tangu alfajiri wakingoja tone la jichoni. Nimesikia, mama. Nitasema kwa ufupi. Nianzie utotoni mwangu.

Kwetu hatukufuga kuku hata mmoja. Huo ndio msingi wa utaalamu wangu, maana sikurithi makosa ya mtu. Ukubwani nilikwenda Naivasha, kwenye kituo cha utafiti cha KALRO walikozalisha kuku wa kienyeji walioboreshwa. Nilifika mpaka getini. Askari wa pale alinitazama kwa heshima kubwa, akaniuliza nimetumwa na nani.

Vitabu vinasema yai huatamiwa siku 21. Mimi ni mtu wa matokeo. Nilipoatamisha yangu, tena kwa mashine, siku ya kumi niliyavunja yote nikague maendeleo. Maendeleo yalikuwepo. Vifaranga ndio hawakuwepo.

Ayeeyo, bibi yetu, usiangalie saa. Nakaribia kiini cha mada.

Mwaka jana niliwaagiza mzibe madirisha ya banda kwa magunia, kama nilivyoona kule Limuru. Leo nakuta mmeyatoa, mkaweka waya pande mbili na makuti juu. Eti kuku wa Garissa hahitaji kukingwa baridi, eti joto likizidi anahema mdomo wazi, hali chakula, na mayai yanapungua. Sasa nauliza: Limuru nani aliwahi kulalamika?

Tena kabla ya hapo niliwaambia banda lijengwe kule chini, karibu kabisa na maji, kuku wapate upepo wa mto. Mkalijenga huku mwinukoni, bila hata kunipigia simu. Novemba 2023 Tana ukafurika, ukapita palepale nilipochora kwa kijiti. Mnacheka? Mto ndio ulioacha njia. Mchoro wangu haukusogea.

Nimelikagua pia daftari lenu la zamu. Kila nyumba ina siku yake: kufungua banda, kuweka maji, kuokota mayai, na jioni kuhesabu kuku kabla kicheche hajawahesabu yeye. Mbolea inakwenda kwenye migomba, nyanya zilizooza zinarudi kwa kuku, pesa za mayai zinagawanywa mbele ya wote. Mfumo mzuri kwa watu wasio na mshauri. Napendekeza uvunjwe, iundwe kamati yenye mwenyekiti wa kudumu aliyezunguka nchi. Sitamtaja kwa jina, lakini mnamwona amesimama.

Sitasahau siku nilipohutubia soko la mifugo la Garissa, linalojulikana Afrika Mashariki nzima. Niliwashauri wenye ngamia wauze wote wanunue kuku. Mzee mmoja akauliza kuku mmoja anabeba jerikeni ngapi za maji. Nikamwambia swali lake ni zuri, nikapanda probox ya kwanza.

Mnasema ninyi mlianza bila mimi, baada ya mvua kukosekana misimu mitano mfululizo kuanzia 2020, ng'ombe wakafa, na akina mama wakaanza na mitetea michache ambayo waume zao hawakuihesabu kuwa mifugo. Inawezekana. Lakini wazo lilikuwa kichwani mwangu kabla yenu, ila sikulisema.

Sasa somo lenyewe: kumtambua mtagaji bora. Nishikieni huyu. Tazameni kilemba kilivyo kirefu na chekundu! Mkia huu uliopinda! Vikwara hivi miguuni! Kuku wa namna hii hutaga kila siku bila kuchoka. Mnasikia? Amewika. Hata yeye anaunga mkono.

Kijana, kicheko cha nini?

Mbona viti viko vitupu? Ayeeyo, unatoka wapi na hicho kichupa? Mmeshachanja banda zima? Wote? Nikiwa kwenye habari za Limuru? Basi andikeni daftarini: chanjo imefanywa chini ya usimamizi wangu, na baada ya miezi mitatu nitarudi kusimamia nyingine.

Kuhusu marupurupu, sitaki pesa. Trei moja ya mayai inanitosha, ila yawe ya huyu mwenye kilemba.