Mkono wa Baba Zuhura

Masika yakikolea, sisi watu wa Jangwani hatungoji Mto Msimbazi utupigie hodi. Magodoro, mchele na televisheni hupandishwa juu ya kenchi mapema. Usiku ule shemeji yangu, Baba Zuhura, alikuwa juu ya stuli akipandisha godoro la mwisho. Sakafu ilikwisha lowa. Stuli ikateleza, yeye akadaka boriti kwa mkono wa kulia, uzito wote wa mwili ukaning'inia hapo.

Tulipomshusha, mkono haukushuka naye. Ulibaki juu, kiwiko kimekunjika, kiganja kimelalia utosi. Ukiugusa tu, anapiga ukelele.

Jirani akataka tumshike kiuno ili yeye auvute. Dada akasimama kati yao: "Mume wangu havutwi na mtu!" Kauli hiyo ndiyo iliyomnusuru. Vidole vya shemeji vilikuwa na ganzi, ila mapigo kwenye kifundo cha mkono yalisikika. Tukapata kirikuu cha mizigo cha Kariakoo. Akalazwa nyuma, dada ameushikilia mkono vilevile ulivyo, hadi hospitali.

Daktari alitufafanulia. Mabega mengi huteguka kwa mbele. Hili lilikuwa limetoka chini ya kikombe chake, kichwa cha mfupa kikakaa kwapani. Katika mabega 200 yaliyoteguka, hutarajii zaidi ya moja au mawili ya namna hii. Madaktari Middeldorpf na Scharm waliueleza mteguko huu mwaka 1859. Kwapani hupita mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu ya mkono. Mvutaji asiyejua anaweza kuijeruhi. Kwa hiyo alipima kwanza mapigo na hisia za ngozi, kisha eksirei, asije akavuta mfupa uliovunjika.

Shemeji akapewa dawa ya maumivu na ya usingizi. Msaidizi akapitisha shuka juu ya bega na kulivuta kuelekea miguuni. Daktari akauvuta mkono taratibu kule kule ulikoelekea, juu, kisha akauzungusha kwa nje hadi ubavuni. Bega likaingia! Mapigo yakapimwa tena, eksirei ikarudiwa, mkono ukafungwa kwa kitambaa shingoni. Ganzi iliisha polepole, na mazoezi yakafuata.

Mtaani kwetu namwambia kila mtu: bega likichomoka, lishikilieni lilivyo, pimeni mapigo, ulizeni vidole, kisha hospitali. Nguvu za majirani ni za kumbeba mgonjwa. Za kuvuta mwachieni daktari.