Kama, Kama na Kama

Lau msafiri wa pwani atashuka Homa Bay, kando ya Ghuba ya Winam, akidhani kuwa "kama" ni lile neno tulilolirithi kwa Waarabu ili kushabihisha na kushurutisha, atastaajabu kuwasikia Wajaluo wakilitamka kwa maana ya mahali, bila kumfananisha mtu na chochote wala kumwekea sharti. Na akifika Migori, waliko Wakuria wafugaji, atakumbuka kwamba Kiswahili chenyewe kina "kama" ya pili, yenye asili ya Kibantu, nayo ni kumkama ng'ombe maziwa.

Walakini mwanalugha hodari kuliko wote ni mgombea wa kiti, ambaye, tangu Katiba ya 2010 ilipotuzalia kaunti, hufungua hotuba kwa ile ya Kiarabu: "Kama mtanichagua, barabara itafika." Raia, kwa adabu, humwuliza kwa ile ya Kijaluo, yaani mahali hasa itakapopita, naye, akiisha kuapishwa, huwajibu kwa ile ya Kibantu, kwani kaunti imekwisha kuwa ng'ombe wake, na ndama, ambao ni sisi, tumeachiwa kamba.