Sifa za Mtumiaji Asiyetaka Kitufe Kihamishwe

Miongoni mwa watu walionyimwa haki yao na historia ya kompyuta, hakuna aliyedhulumiwa kama mtumiaji mkaidi, yaani yule ambaye, anapowasha mashine yake asubuhi na kukuta kwamba mfumo endeshi umejisasisha usiku na kupanga upya kila kilichokuwa kwenye skrini, haulizi kipya kina faida gani bali anauliza cha zamani kimepelekwa wapi. Wahandisi humwona mzigo, wauzaji humwona mtu wa enzi zilizopita, na wasomi, ambao kila kero huitafutia jina la heshima, wameuweka msimamo wake chini ya kile kinachoitwa upendeleo wa hali iliyopo, dhana iliyoelezwa na wachumi William Samuelson na Richard Zeckhauser mwaka 1988 kuhusu tabia ya binadamu ya kung'ang'ania alichonacho hata anapowekewa mbele yake kilicho bora zaidi. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yana ubahili ndani yake. Mkaidi anastahili kusifiwa kwa ukamilifu: uvivu wake ni elimu, kelele zake ni huduma kwa umma, na kisirani chake kimeokoa mengi ambayo akili za watu waungwana zilikuwa tayari kuyatupa.

Ili sifa hizo zieleweke, ni lazima kwanza ijulikane analinda nini. Kiolesura, yaani ile sehemu ya programu ambayo mtu huiona na kuigusa, kama vile vitufe, menyu, aikoni na madirisha, hufundishwa mara mbili: mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa mkono, na elimu hii ya pili ndiyo yenye thamani, kwa kuwa mwenye nayo hahangaiki kuikumbuka. Karani aliyeizoea mashine yake hajui tena kwamba anajua. Akiulizwa amri fulani imo katika menyu ipi atasita, kisha atashika kipanya na kuuacha mkono umwonyeshe. Elimu hiyo haimo katika mwongozo wowote, haikugharimiwa na kampuni iliyotengeneza programu, wala haihamishiki kutoka toleo moja hadi jingine kama yanavyohamishwa mafaili. Siku kitufe kinapobadilishiwa mahali, mtengenezaji huona kwamba amesogeza kijichoro cha ukubwa wa ukucha, ilhali mtumiaji amepokonywa miaka ya mazoezi, na hali yake haitofautiani na ya fundi cherehani aliyekuta asubuhi gurudumu la mkono limehamishiwa upande wa kushoto, huku akihakikishiwa kwamba upande huo ndio wa kisasa.

Tena mkono huo unaodharauliwa ni mjuzi wa hesabu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kuifikia shabaha hutegemea umbali na ukubwa wa shabaha hiyo, na waliokuja kuitumia kanuni yake kwenye kompyuta walitambua kwamba pembe za skrini ndizo shabaha kubwa kuliko zote, kwa sababu kishale kikisukumwa huko hugota, hata kikisukumwa kwa pupa kiasi gani. Ndiyo maana kitufe cha Start, ambacho Microsoft ilikiweka chini kushoto katika Windows 95 iliyotolewa tarehe 24 Agosti 1995, kilipendwa na mkono kabla ya kukubaliwa na akili. (Katika toleo hilo la kwanza wahandisi walikiacha nukta chache kutoka kwenye pembe yenyewe, hivyo aliyesukuma kishale hadi mwisho alibonyeza patupu, matoleo ya baadaye yalikisogeza, nayo ni mojawapo ya nyakati chache ambazo kitufe kilihamishwa bila mtu yeyote kunung'unika.)

Mwaka 2012 kitufe hicho kiliondolewa. Windows 8, iliyoingia sokoni tarehe 26 Oktoba mwaka huo, ilibuniwa wakati ambapo iPad ya Apple, iliyotoka mwaka 2010, ilikuwa imewatia kiwewe watengenezaji wa kompyuta, na wakuu wa Microsoft waliamua kwamba skrini ya kuguswa kwa vidole na skrini ya kuongozwa kwa kipanya zitumie sura moja. Mahali pa menyu ya zamani pakawekwa ukurasa uliofunika skrini nzima, umejaa vigae vya rangi kali. Uamuzi huo haukufanywa kiholela, kwani kampuni ilieleza kwamba takwimu zilizokusanywa kutoka kwenye mashine za watumiaji zilionyesha menyu ya Start ikitumika kidogo kuliko zamani, kwa kuwa watu walikwisha kubandika programu wanazozipenda kwenye mwambaa wa kazi, yaani ule ukanda mwembamba wa chini ya skrini. Wataalamu walisoma takwimu hizo wakahitimisha kwamba kisichotumiwa mara nyingi hakihitajiki. Mkaidi, ambaye hakusoma takwimu yoyote, alijua kwamba hayo ni mambo mawili.

Tofauti ya mawili hayo ilidhihirika jioni ya kwanza, mtu alipotaka kuzima mashine aende zake nyumbani. Katika Windows 7 alibonyeza Start, akabonyeza amri ya kuzima, akaondoka. Katika Windows 8 alitakiwa kupeleka kishale kwenye pembe ya kulia ya skrini, juu au chini, mahali pasipo na alama yoyote ya kumjulisha kwamba pana kitu. Hapo ulichomoza ukanda wa vitufe vitano, ambavyo watengenezaji walivipa jina lenye maana ya hirizi. Kati ya vitano hivyo alichagua cha mipangilio, ndani ya mipangilio akatafuta alama ya umeme, na ndani ya alama hiyo ndimo alimokuta amri ya kuzima. Nayo hirizi hii, kama zilivyo nyingine, ilimfaa zaidi yule aliyekwisha kuamini kwamba ipo.

Wapenda maendeleo walimsihi mkaidi avumilie, kwamba baada ya wiki mbili tatu atazoea. Yeye hakuvumilia, na hapa ndipo ukuu wake unapoonekana, kwa sababu mvumilivu angeizoea njia mbovu na kuifanya ya kudumu. Tarehe 17 Oktoba 2013 ilitoka Windows 8.1, iliyorudisha kitufe bila menyu, ili anayekibonyeza apelekwe kwenye vigae vilevile alivyokuwa akivikimbia. Mkaidi aliipokea zawadi hiyo kwa shukrani za mtu aliyeletewa kifuniko cha sufuria alipoomba chakula. Tarehe 29 Julai 2015, katika Windows 10 (namba 9 ilirukwa kabisa), menyu ilirejea, na kampuni iliitangaza miongoni mwa mambo mazuri ya toleo jipya.

Ingeweza kudhaniwa kwamba ugonjwa huu ni wa kampuni kubwa zinazouza, na kwamba wale wanaotengeneza programu huria na kuzigawa bure, wakiwa wenyewe ni watumiaji, wasingethubutu. Walithubutu mapema zaidi. Mwezi Aprili 2011 mradi wa GNOME, unaotengeneza mojawapo ya mazingira ya eneokazi yanayotumiwa sana katika mifumo ya Linux, ulitoa toleo lake la 3, ambalo liliondoa kwenye vichwa vya madirisha vitufe vya kulishusha dirisha na kulipanua, na likaificha amri ya kuzima kompyuta kwa ustadi wa pekee: menyu ilionyesha amri ya kuilaza mashine tu, na ile ya kuzima ilijitokeza pale mtumiaji aliposhikilia kitufe cha Alt kwenye kibodi. Kwamba makundi mawili yasiyopendana, moja likiuza na jingine likigawa, yalifikia katika kipindi kifupi imani ileile kwamba kuzima kompyuta ni jambo la faragha, ni fumbo linalongoja mtafiti wake. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991 na ambaye hakuna awezaye kumwambia kwamba haelewi kompyuta, alilalamika hadharani akahamia mazingira mengine yaitwayo Xfce, kisha miaka michache baadaye akarudi GNOME, ambayo kufikia hapo ilikuwa na viongezi vya kurudishia baadhi ya yaliyoondolewa. Basi ukaidi si dalili ya ujinga; wakati mwingine ni dalili ya mtu mwenye kazi ya kufanya.

Wala mkaidi si mlalamishi mtupu, kwa maana hakuna mtu mwenye bidii kama yeye anapotaka pasitokee jambo lolote. Kutokana na GNOME 3 lilizaliwa tawi la MATE, lililoanzishwa na mpanga programu wa Argentina ili msimbo wa GNOME 2 uendelee kuishi, nalo likapewa jina la kinywaji cha majani kinachopendwa Amerika Kusini. Na watu wa Linux Mint wakatengeneza Cinnamon, yaani mdalasini, ili mtu apate teknolojia mpya yenye sura ya zamani. Kwa upande wa Windows kulikuwa na Classic Shell, programu ya bure iliyotengenezwa na Ivo Beltchev tangu mwaka 2009, ambayo ilirudisha menyu ya zamani ndani ya mfumo mpya. Mwenyewe alipoacha kuiendeleza mwaka 2017, aliuweka wazi msimbo wake na wengine wakaipokea kwa jina la Open-Shell. Saa zisizohesabika za watu wenye vipaji zimetumika kuhakikisha kwamba leo inafanana na jana, na bila shaka kazi hiyo ni ngumu kuliko kubuni, kwa kuwa mbunifu huridhika na kitu kinachofanana na alichokiwaza, ilhali mrejeshaji atasutwa kwa tofauti ya nukta moja.

Wapinzani wake wana hoja moja nzito, nayo haifai kufichwa. Windows XP, iliyotolewa tarehe 25 Oktoba 2001, ilipendwa kiasi kwamba hata Microsoft ilipoacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014 bado ilikuwa ikiendesha ofisi nyingi duniani, na serikali ya Uingereza ililipa zaidi ya pauni milioni 5 ili ipate mwaka mmoja zaidi wa viraka, yaani masahihisho ya mianya ya usalama. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry, kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilivuruga kazi katika hospitali nyingi za Uingereza. Mtetezi wa mkaidi atajibu kwamba mashine nyingi zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7 wala si za XP, na atakuwa sahihi. Lakini kiraka cha Windows 7 kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huo, na wengi hawakukiweka. Sababu za kutokiweka zilikuwa nyingi, na mojawapo inamhusu mtengenezaji mwenyewe: kwa muda mrefu amekuwa akipitisha kiraka cha usalama na uhamishaji wa vitufe katika mlango mmoja uitwao sasisho, na mtu aliyewahi kuingiliwa na la pili hujifunza kuufunga mlango hata kwa la kwanza. Hatari aliyoingia mkaidi ni kubwa na si ya kuchekwa, ila elimu ya kuogopa sasisho hakujifundisha peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi hulitaja kama aibu yake, ilhali ndilo pambo lake. Kitufe cha Start, alichokililia kana kwamba kilirithiwa kutoka kwa mababu, kilikuwa chenyewe bidaa mwaka 1995, kikija kuchukua nafasi ya Program Manager, dirisha la aikoni lililotawala Windows tangu toleo la 3.0 la mwaka 1990; na Microsoft, ikimjua mteja wake, iliendelea kuiweka Program Manager ndani ya Windows kwa miaka mingi ili asiyetaka menyu mpya aitumie. Hivyo mkaidi hukipinga kitu, hukizoea, kisha hukitetea kwa nguvu zilezile alizokipinga nazo. Watu wepesi wa lawama huona hapo ukinyume. Ukweli ni kwamba hana upendeleo wowote kati ya miundo. Hakimu angepongezwa kwa sifa hiyo.

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, imempa kazi mpya. Safari hii kitufe hakikuondolewa bali kilipelekwa katikati ya mwambaa, na kwa kuwa aikoni zote hupangwa kuanzia katikati, kila programu inapofunguliwa kitufe husogea kidogo kwenda kushoto, na inapofungwa hurudi, hivyo mkono hauna mahali pamoja pa kukariri. Mipangilio inaruhusu kukirudisha pembeni, na mkaidi hufanya hivyo kabla hajafanya jambo jingine lolote. Majina ya madirisha kwenye mwambaa, ambayo toleo hilo lilikuja bila hata njia ya kuyaonyesha, yalirudishwa kama chaguo mwaka 2023, baada ya miaka miwili ya manung'uniko yaliyofanya kazi ambayo hakuna idara ya ubora ingeifanya bila mshahara.

Huduma kwa Windows 10 ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Si wote waliobaki nayo ni wakaidi, kwa kuwa mashine nyingi nzima zilikataliwa na Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0, kijenzi cha kuhifadhia funguo za usalama, au kwa kuwa na prosesa ya zamani. Lakini mkaidi wa kweli amejichanganya katika kundi hilo na hutaja TPM kwa uso wa huzuni. Kwa mara ya kwanza msimamo wake umepangiwa bei ambayo hata mtu wa kawaida anaweza kuilipa. Mtumiaji wa nyumbani alitajiwa dola 30 za Marekani kwa mwaka mmoja wa viraka, pamoja na njia za kuupata bila kutoa fedha. Taasisi zilitajiwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, 122 mwaka wa pili na 244 mwaka wa tatu. Mwaka wa nne haumo katika orodha ya bei, na hapo mkaidi ataendelea bure.