Muulize Shangazi Kitasa: Mwenye Kiwanja Anasafiri Kesho

Barua za wiki hii ni nyingi, na nusu yake zimeandikwa na watu ambao walishalipa ndipo wakakumbuka kuuliza. Hao nawapa pole, chai ipo kwenye chupa. Ambao hela bado iko mfukoni, sogeeni huku kibarazani tuzungumze.

*Shikamoo Shangazi. Nimepata kiwanja cha ishirini kwa ishirini huku Chanika, milioni tatu tu. Dalali anasema mwenyewe anasafiri kesho kwenda kwenye matibabu, na kuna mteja mwingine yuko njiani na hela taslimu. Nikope kikoba leo leo?*
Mwenye Haraka, Gongo la Mboto

Marahaba mwanangu. Huyo mwenye kiwanja namfahamu, anasafiri kesho tangu mimi nina meno yote. Na yule mteja aliye njiani hajawahi kufika, sijui foleni ya wapi imemshika.

Kesho nenda Chanika, ila hela iache nyumbani. Tafuta mama anayechoma mihogo jirani na hapo, nunua, kaa, kula taratibu. Muulize masika maji yanapita wapi. Muulize mwenye eneo ni nani na watu wangapi wameshaletwa kulitazama mwezi huu. Mama wa mihogo hana asilimia yake kwenye mauzo yako, kwa hiyo atakwambia. Ukiweza, rudi siku ya mvua kubwa. Kiangazi kila bonde ni tambarare.

Ukitoka hapo pitia serikali ya mtaa, uulize kama eneo lina mgogoro. Kama ni la urithi, dai kumwona msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na barua yake mkononi. Kaka mkubwa mwenye sauti nzito si msimamizi wa mirathi. Kama muuzaji ana mke, mke naye aje, aseme kwa mdomo wake na atie sahihi. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, na madalali wana ugonjwa wa kusahau kwamba watu huoa.

Akikuonyesha hati, usiishie kuipapasa na kusifu muhuri. Chukua namba yake ukafanye upekuzi kwa msajili wa hati, ujue jina lililoandikwa kule ni la nani na kama benki haijaishikilia kwa mkopo. Akikuonyesha karatasi ya mauziano tu, nenda idara ya mipango miji ya halmashauri ukaulize mchoro unasemaje. Wapo waliojenga sebule katikati ya uwanja wa shule ambayo bado haijajengwa.

Kisha pima kwa hatua zako toka mtoni na toka barabarani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingo wa mto. Barabara kuu nazo zina hifadhi zake, na hifadhi ya Morogoro Road imewafundisha watu somo gumu. Mwaka 2017 nyumba za Kimara mpaka Kiluvya ziliangushwa kupisha upanuzi, na miongoni mwake zilikuwamo zenye umeme na maji ya bomba, wenyewe wakiamini kwamba serikali iliyowaunganishia nguzo haiwezi kuwachorea X nyekundu ukutani. Waliamini vibaya. Luku si hati.

Ukipita uswahilini utaona ukuta umeandikwa kwa rangi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni hudhani mwenye nyumba anaringa. Mwanangu, ile nyumba ilishauzwa, pengine mara mbili, na mtoto wa humo humo ndani, wakati mama yake amekwenda shamba. Mnunuzi alikuwa mtu mwenye haraka kama wewe.

*Shangazi, nina nyumba yenye wapangaji wanne na luku moja. Ikifika tarehe mosi hakuna anayekubali kununua umeme, kwa sababu anayetangulia ndiye anayekatwa kodi ya jengo. Mwezi huu tumekaa gizani siku tatu. Nifanyeje?*
Baba Mwenye Nyumba, Mbagala

Nimecheka mpaka kilemba kimeanguka, halafu nikaona aibu, maana unaowaweka gizani ni watu waliokulipa miezi sita mbele.

Kodi ya majengo ilianza kukatwa kwenye luku Agosti 2021. Nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikapanda hadi 1,500. Ghorofa inahesabiwa kwa kila sakafu. Umenielewa lakini? Ni kodi ya jengo. Jengo la nani? Mpangaji akihama atabeba godoro na sufuria, ukuta atakuachia wewe. Kila tarehe mosi nunua umeme wa kwanza kwa mkono wako, ukatwe wewe, uwape token. Baba mzima unakosana na watu wanne kwa bei ya soda mbili!

Ugomvi wenyewe lakini hautaisha hapo, maana chanzo chake ni luku moja. Nyumba yangu ya Tandika ina vyumba sita, na miaka mingi tulichanga umeme kwa kichwa. Chumba namba nne alikaa mama mmoja mwenye taa moja na redio. Namba tano akaja kijana mtanashati na friji, akasema ni ndogo tu, Shangazi. Baada ya wiki mbili nikaona watoto wamepanga foleni mlangoni kwake na sarafu mkononi. Kumbe anauza barafu za ubuyu, na yule mama wa redio ndiye anayezigandisha. Nilimwita fundi akafunga submita kila chumba. Sikumkemea kijana wala sikumpa notisi. Mwezi wa kwanza alisoma namba zake mwenyewe, wa pili nikasikia friji imehamia kwa shangazi yake halisi. Submita zinagharimu, ila ni mara moja. Mimi nilichelewa kuzifunga kwa ubahili, na bado najilaumu.

*Shikamoo. Mimi ni mwalimu. Nitapata milioni 60 za kiinua mgongo nikistaafu mapema. Nataka kujenga nyumba nne za chumba na sebule, kila moja 150,000 kwa mwezi. Hiyo ni 600,000 kila mwezi nikiwa nimelala. Nimekosea wapi?*
Mwalimu wa Hesabu, Morogoro

Marahaba mwalimu. Kujumlisha umepata vema, kutoa umepata sifuri.

Mwaka mzima ni 7,200,000. Sasa mpangaji mmoja akahama Machi, ukapaka rangi, dalali akazungusha watu, Aprili ndipo akaingia mwingine. Ikitokea hivyo mara moja kwa kila nyumba, 600,000 imeondoka, imebaki 6,600,000. Asilimia 10 ya pango ni ya TRA, yaani 660,000, imebaki 5,940,000. Koki, bati linalovuja, kitasa, gari la kunyonya choo ambacho hujaa siku ya mkesha wa Idi: tenga 540,000 na ushukuru. Mkononi una 5,400,000, sawa na 450,000 kwa mwezi. Milioni 60 zako zitarudi baada ya miaka 11, na hapo hukulala hata siku moja.

Halafu kodi haiji kwa mwezi kama mshahara. Inakuja miezi sita kwa mkupuo, na hela ya mkupuo ina tabia ya kujifanya utajiri. Januari unanunua sofa, Aprili unamkopa mpangaji wako unga.

Sikukatazi kujenga. Mimi nyumba ile imenisomeshea watoto watatu. Nakukataza kustaafu kwa sababu ya nyumba ambayo bado ni tofali kichwani. Subiri wakati wako ufike, na ukianza, anza na mbili, uzimalize kabisa: choo, maji, madirisha. Watu huanza nne, hela inaishia kwenye lenta, boma linaota majani na mbuzi wa jirani ndiye mpangaji wa kwanza. Mbuzi hatoi kodi.

*Shangazi, mpangaji hajalipa miezi minne. Ni mtoto wa shemeji yangu, mkataba hatukuandikishana kwa kuwa ni familia. Nimng'olee mlango?*
Nimechoka, Tanga

Mlango ni wako. Ukiung'oa utaurudishia kwa hela yako, na yeye atakwenda polisi akiwa ndiye mwenye haki. Mwandikie notisi, nakala mpe mwenyekiti wa mtaa, na akikaidi kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila kabla ya yote hayo nenda kwa shemeji yako jioni, bila hasira, umwambie miezi minne imefika shilingi ngapi. Kwa sasa wewe huna mpangaji, una mgeni. Mgeni huondolewa na waliomleta.

Na mkataba unaandikwa hasa na ndugu. Asiye ndugu unaweza kumkasirikia bila kukutana naye kwenye msiba.

Jumamosi ijayo safu hii haitakuwapo. Namba tano imekuwa wazi, napaka rangi. Anayeitaka aje mwenyewe, bila dalali, na friji aitaje mapema.