Siri ya Kaunta

Mfanyabiashara wa Bariadi ana siri mbili. Ya kwanza ni mauzo yake halisi, na hiyo hata mkewe haijui. Ya pili ni namba yake ya NIDA, na hiyo inajulikana steshenari nzima.

Maana TIN, namba ya mlipakodi, siku hizi huombwa mtandaoni. Mzee anafunga duka, anavuka barabara, anamsomea kijana wa kompyuta tarakimu zote 20 za NIDA, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa anayowaficha wajukuu.

"Nywila tuweke ipi, mzee?"

"Yoyote, mwanangu. Wewe ndiye utakayeikumbuka."

Inaandikwa kwenye daftari la kaunta, chini ya deni la soda. Nakala ya kitambulisho iliyotoka na ukungu haitupwi. Jioni inafungia karanga.

Serikali nayo haikulala. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, yenye tume yake kabisa. Ofisa wa TRA anabanwa na sheria atunze siri za mlipakodi. Daftari la kaunta halijaapishwa.

Kisha simu inaita: "Shikamoo mzee, hapa ofisi ya kodi, TIN yako ina tatizo." Mzee anaisifu serikali inayomjua mpaka tarehe ya kuzaliwa, anatuma "faini". Mjukuu anapiga *106# kutazama laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha babu. Zipo, na nyingine babu hajawahi kuziona.

"Na hizo," anauliza mzee, "zinadaiwa kodi?"